Nyumba Isiyofunguliwa Krismasi: Kisa cha Gofu la Mawe Old Moshi

Huku mlimani Kilimanjaro, nyumba iliyoachwa hutaitambua mwezi Machi wala Septemba. Miezi hiyo nyumba nyingi za vihambani, yaani kwenye mashamba ya ukoo ya migomba na kahawa, zimefungwa: wenyewe wako Dar es Salaam, Arusha, Mwanza au Nairobi, na ufunguo uko kwa jirani. Panda Old Moshi, Kilema au Mwika kati ya tarehe 24 na 31 Desemba, saa za jioni. Wiki hiyo kila mwenye kwao amerudi kwao. Majiko yote yanafuka moshi, magari yameegeshwa hadi chini ya migomba, watoto waliozaliwa mjini wanaulizwa wao ni wa nani. Nyumba ambayo hata wiki hiyo haikufunguliwa mlango, hiyo imeachwa.

Ndivyo nilivyoiona nyumba ya kisa hiki, tarehe 27 Desemba 2022, nikishuka kwa miguu kutoka harusini. Ilikuwa nyumba ya mawe, bati limeiva kutu, mparachichi mkubwa umeegemea pembe ya nyuma. Nyumba ya kushoto ina taa, ya kulia ina muziki, katikati giza.

Mimi ni fundi ujenzi wa Moshi mjini, na kwa miaka kadhaa sasa watu huniita niwakagulie nyumba kuukuu kabla hawajalipa. Wakati huo nilikuwa nawatafutia mwalimu mmoja na mkewe, muuguzi. Mwalimu ni mtu wa Singida, mkewe Mpare wa Same. Walikuwa wamepanga mjini miaka 11, wamejikusanyia akiba, na walitaka nyumba ya zamani ya kufufua, yenye ardhi isiyopungua robo eka, maji karibu na njia ya gari. Akiba yao yote, kununua na kukarabati, ilikuwa milioni 65. Wenzao walikuwa wananunua viwanja vipya huko chini tambarare. Mama yule alinijibu kwa neno moja tu nilipomuuliza kwa nini yeye hataki: vumbi.

Niseme kwanza jambo la majina, maana limewapotezea watu fedha. Madalali wetu huita kila nyumba isiyokaliwa «pagale». Pagale ni nyumba iliyoanza ikakwama. Gofu ni nyumba iliyokwisha, ikakaliwa, kisha ikaachwa. Kwa fundi hivi ni vitu viwili mbalimbali. Pagale halijawahi kuwa na paa. Mvua imeingia ukutani kutokea juu miaka yote, nondo zilizochomoza zimeoza, na msingi haujawahi kubeba uzito wake kamili. Gofu lilibeba paa lake miaka 40 au 50. Mahali msingi ulipotaka kutitia, ulishatitia zamani, na ufa wake ni wa kale, una vumbi na utando wa buibui ndani. Mimi ufa wenye utando siuogopi sana. Ufa wenye kingo safi ndio unaonifanya nisogee nyuma.

Kabla ya nyumba hii tulionyeshwa nyingine mbili, nazo nitazipitia haraka. Ya kwanza ilikuwa Kilema, pagale zuri la vyumba vitatu, limekaa juu ya korongo na sauti ya maji inasikika sebuleni. Nilipima kutoka ukingo wa mto hadi ukutani: hatua 42. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Tukaondoka. Ya pili ilikuwa Marangu, kando ya lami, imepakwa rangi mpya ya maziwa. Jua la saa kumi lilipoupiga ule ukuta kwa ubavu, nikaona kivuli cha mistari miwili iliyokatana, wekundu ukijitokeza chini ya rangi ya maziwa. Ilikuwa alama ya X, ile ya nyumba za kubomolewa. Kwa barabara kuu na za mkoa, hifadhi ya barabara ni mita 30 kila upande kutoka katikati, na nyumba ile ilikuwa ndani. Tangu siku hiyo, rangi mbichi kwenye nyumba chakavu huniongezea maswali.

Basi turudi Old Moshi.

Tarehe 2 Januari nilipanda tena na mwalimu, kwa gari hadi Kiboriloni, kisha juu. Tulianza kwa mwenyekiti wa kitongoji, tukasalimia, tukaeleza shida yetu. Nyumba, akasema, ilijengwa na mzee mmoja mkulima wa kahawa miaka ya 1950, wakati bei ilipopanda. Nyumba nyingi za mawe za huku ni za miaka hiyo. Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa, KNCU, kilikuwa kimeundwa mwaka 1933, mkulima alipeleka kahawa yake kwenye chama cha msingi, na malipo yakaweza kununua saruji, bati na kulipa waashi. Mfumo wa kimataifa wa kugawana mauzo ya kahawa ulipovunjika mwaka 1989, bei ikaporomoka, na vijana wakashuka mjini wasirudi. Mzee alifariki mwaka 1998, mkewe mwaka 2006. Tangu hapo nyumba haijakaliwa.

«Lakini migomba imepaliwa,» nikamwambia mwenyekiti.

Akacheka kidogo, hakujibu. Hilo ndilo ningemshauri mtu yeyote alitazame kabla hajatazama paa. Gofu likiwa limezungukwa na magugu, limeachwa na kila mtu. Gofu likiwa katikati ya migomba iliyopunguziwa majani makavu na kuwekewa samadi, kuna mtu anayekula pale, na mtu huyo ana neno la kusema.

Sasa nyumba yenyewe. Kuta zilikuwa mawe ya mlimani yaliyounganishwa kwa udongo, unene wa dhiraa moja. Niliangusha timazi pembe zote nne. Tatu zilikuwa wima. Ya nyuma, upande wa mparachichi, ilikuwa imeinama nje kiasi cha vidole vitatu. Paa lilikuwa bati la zamani, zito kuliko geji 28 ya leo, limetoboka kwenye misumari tu. Kenchi, mbao zinazobeba paa, zilikuwa za mti wa kamfa. Nilipanda nikazichoma kwa bisibisi moja baada ya nyingine. Juu ya jiko, ambako moshi wa kuni ulipita miaka na miaka, mbao zilikuwa nyeusi na ngumu, bisibisi inateleza. Juu ya chumba cha nyuma bisibisi ilizama hadi kwenye mpini.

Kwa hiyo tatizo lilikuwa nyuma. Ukuta huo mtu aliwahi kuupiga plasta ya saruji, pengine akidhani anauokoa. Niligonga kwa ngumi, ukaitika kama debe tupu. Nikaingiza patasi kwenye ufa, nikavuta, na bamba zima la plasta, kubwa kama meza, likashuka miguuni. Nyuma yake udongo ulikuwa mbichi kama unga uliokandwa, na vijizizi vyeupe vimetambaa ndani yake. Ukuta wa mawe na udongo hupumua. Maji yakiingia hutoka. Ukiufunika kwa saruji, maji yanaingia kutoka chini na hayana pa kutokea.

Maji yalitoka wapi, katikati ya kiangazi cha Januari? Tulizunguka nyuma, hatua sita tu kutoka ukutani, tukaukuta mfongo. Ni mfereji wa asili, wa mababu, na bado unafanya kazi. Kingo yake ya chini ilikuwa imebomoka na hakuna aliyeiziba, kwa kuwa upande huo hakukuwa na mwenye kulalamika. Maji yalikuwa yakinywea taratibu chini ya nyumba ya mzee kwa miaka 16.

Nilimwambia mwalimu hapohapo kwamba nyumba inafaa. Pembe moja ya kubomoa na kujenga upya, paa la chumba kimoja, mfereji wa kukinga maji, sakafu, madirisha, umeme. Makadirio yangu ya kwanza yalikuwa milioni 27. Akashika ukuta kwa kiganja na kuniuliza tumlipe nani.

Nilimjibu sijui, na kwamba tukishajua ndipo tutakuwa tumeipata nyumba. Watu huniandikia wakiniomba niwatafutie gofu la bei nzuri, wakifikiri ugumu uko kwenye kuliona. Magofu huku yanaonekana kwa macho. Kinachotafutwa ni familia iliyomaliza kuzungumza, na hizo ni chache kuliko nyumba.

Simu ya kwanza ilitupeleka kwa kitinda mimba wa mzee, anayeishi Dar es Salaam. Kwa mila ya Kichaga nyumba ya baba humwendea mtoto wa kiume wa mwisho. Mkubwa hupewa kihamba kingine mapema akaanze maisha. Kaka mkubwa alipewa chake miaka ya 1970, naye ameshafariki. Kitinda mimba akasema nyumba ni yake, bei milioni 45, eka moja kamili, tutume milioni tano za kuonyesha nia. Dalali wake wa Moshi, aliyejitokeza siku iliyofuata akidai asilimia 10, alitueleza kwamba wako pia dada wawili «lakini wanawake hawahesabiwi kwenye kihamba».

Maneno hayo yamegharimu wanunuzi wengi, na mimi husikia uchungu kila ninapoyasikia, maana nina binti. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, kifungu cha 20, inasema wazi kwamba mila yoyote inayomnyima mwanamke haki ya kumiliki au kutumia ardhi ni batili. Na hata kabla ya sheria hiyo, mwaka 1990, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu Mwanza aliamua kesi ya Bernardo Ephraim dhidi ya Holaria Pastory, mama wa Kihaya aliyeuza shamba la ukoo alilorithi kwa baba yake. Ndugu walitaka mauzo yafutwe kwa sababu yeye ni mwanamke. Jaji akasema haki yake ya kuuza ni sawa na ya mwanamume. Kwa hiyo anayenunua kwa kaka peke yake ananunua kesi. Na kulikuwa na jambo la pili, zito zaidi: mirathi ya mzee haikuwahi kufunguliwa. Mtu akifa, hata mrithi asiye na mpinzani hana mamlaka ya kuuza mpaka mahakama imteue msimamizi.

Hatukutuma ile milioni tano. Tulikwenda Himo, kwa binti mkubwa wa marehemu.

Alitupokea vizuri. Ni mama wa miaka 70 hivi, mfanyabiashara wa vitunguu, macho makali. Mwalimu alimwamkia, tukakaa, tukanywa chai, tukaeleza kila kitu: nani tumezungumza naye, bei aliyotaja, makadirio yangu. Akasikiliza bila kukatiza. Kisha akamuuliza mwalimu:

«Mwanangu, nyumba mmeiona. Baba mmemwona?»

Hatukuelewa upesi. Alimaanisha kaburi. Tulikuwa tumepima kuta, tumeufuata mfongo, tumehesabu migomba, na hatukuwa tumekwenda kusimama mbele ya makaburi ya wazazi yaliyo pale pale kihambani, chini kidogo ya mibuni. Mwalimu akasema kweli, hatujamwona, akaomba radhi. Mama akamwambia, «Basi mkamwone, halafu mrudi.»

Tulipanda kesho yake, mwalimu na mkewe wakiwa wamebeba maua. Walisafisha makaburi mawili kwa mikono. Kule nikaona kitu ambacho ukaguzi wangu wa kwanza ulikikosa. Mpaka wa kihamba upande wa mashariki ni mstari wa masale, mimea ya majani marefu, kama mipaka mingi ya huku. Isale hukua polepole, shina lake huongezeka unene na makovu ya majani yaliyopukutika. Mstari ulianza juu kwa masale manene kama mkono, ukafika katikati, ukapinda kuingia ndani ya kihamba, na kuanzia hapo masale yalikuwa membamba kama fimbo. Mpaka ulikuwa umehamishwa, na umri wa mimea ulikuwa unasema lini, kwa makadirio.

Mama wa Himo tulipomweleza, akanyamaza muda mrefu. Kumbe hata yeye alikuwa na shaka tu. Ilikuja kubainika kwamba mwaka 2003 mdogo wake alimuuzia jirani ukanda wa hatua tisa, kwa karatasi ya daftari yenye sahihi mbili, bila kumwambia dada yeyote, mama yao akiwa hai na mgonjwa. Na huyo jirani ndiye aliyekuwa akipalia migomba.

Hapa dalali alitushauri tufumbe macho, tununue kilichobaki. Nilikataa, na mwalimu akasimama nami. Mpaka wenye ugomvi hauponi kwa kuuzwa; unahamia kwa mnunuzi, ambaye yeye hajui hata ulianzaje.

Familia ilikutana wakati wa Pasaka, Aprili 2023, pale pale uani mwa gofu. Sisi hatukuwa wajumbe, tuliitwa mwishoni. Ninachoeleza nimekisikia kwa mzee wa ukoo aliyeongoza kikao na kwa mama mwenyewe, aliyeniruhusu kukisema. Kitinda mimba alisimama, akakata jani la isale kutoka kwenye ule mstari wa zamani, akalifunga fundo na kumkabidhi dada yake mkubwa kwa mikono miwili. Anayepewa isale huombwa msamaha, na kukataa ni jambo zito mno. Mama alilipokea. Ndipo mazungumzo ya kuuza yakaweza kuanza.

Mzee wa ukoo aliuliza mara tatu kama yupo ndani ya ukoo anayetaka kununua kwa bei ileile. Kijana mmoja, mtoto wa marehemu kaka mkubwa, akasema anataka. Akapewa hadi mwisho wa Juni. Mkewe mwalimu alilala vibaya miezi hiyo, na aliniambia wazi kwamba anatamani wangekuwa wamelipa Januari. Namwelewa. Lakini kama wangelipa Januari, kijana yule angekuwa na haki ya kusimama kijijini na kusema hakuulizwa. Juni ikaisha, fedha hazikupatikana, naye mwenyewe akatia sahihi kwamba amekosa.

Ukanda wa jirani ulipelekwa baraza la ardhi la kijiji, lenye wajumbe saba, kwa usuluhishi. Dada mdogo alitaka urudi. Ilielezwa kwamba madai ya kurudishiwa ardhi yana ukomo wa miaka 12, na hapo ilikuwa imepita 20. Jirani alibaki na hatua zake tisa, na kwa upande wake akakubali kutia sahihi mchoro wa mpaka wa sasa, tena akatembea nao hatua kwa hatua mbele ya watu. Katika sahihi zote za kisa hiki, hiyo ndiyo niliyoipigania zaidi.

Mirathi ilichukua muda kwa sababu ndogo: mzee alifia nyumbani na hakuwa na cheti cha kifo. Kukipata, baada ya miaka 25, kulihitaji barua za kijiji, viapo na safari nyingi. Baada ya hapo Mahakama ya Mwanzo ilipokea muhtasari wa kikao cha ukoo na kumteua msimamizi. Familia ilimpendekeza dada mdogo, kwa kura za kaka yake pia. Msimamizi akipata barua ya uteuzi, ile inayoitwa Fomu Namba IV, anatakiwa ndani ya miezi minne awasilishe orodha ya mali. Mnunuzi aombe kuiona orodha hiyo kwa macho yake, na ahakikishe kihamba kimetajwa ndani yake. Sisi tuliiona.

Bei ndiyo iliyokuwa nyepesi kuliko yote. Tulipima wote pamoja: hatua 58 kwa 41. Eka kwa hesabu ya mtaani ni hatua 70 kwa 70, kwa hiyo ile «eka moja kamili» ilikuwa nusu eka kasoro. Nikaweka mezani picha ya bamba la plasta na bisibisi iliyozama kwenye mbao. Tukamalizana kwa milioni 29. Makaburi hayakuuzwa. Eneo lake, hatua 15 kwa 10, limebaki la ukoo, pamoja na kinjia cha upana wa hatua mbili kutoka barabarani, na vyote vimechorwa kwenye mkataba na kuandikwa kwamba havitazibwa hata nyumba ikiuzwa tena. Mwalimu mwenyewe ndiye aliyesisitiza sentensi hiyo ya mwisho. Kodi ya ongezeko la mtaji, ambayo kwa mkazi ni asilimia 10 ya faida, iliandikwa kuwa ni juu ya wauzaji. Watu huiacha bila kuitaja, wakaja kugombana nayo wakati wa kubadilisha jina.

Halmashauri ya kijiji ilikaa Februari 2024. Kwa kuwa wanunuzi si wenyeji, ridhaa yake haikuwa ya mhuri tu. Waliulizwa kwa adabu lakini bila kuzunguka: mtaishi hapa, au mnataka kufungua nyumba ya watalii? Mtashiriki siku za kuchimba mfongo? Mkewe mwalimu ndiye aliyejibu, akasema wameshashiriki mbili. Ilikuwa kweli, walikwenda na majembe yao tangu Agosti. Fedha zililipwa benki, kwenye akaunti iliyofunguliwa kwa jina la msimamizi wa mirathi, warithi wote wakiwa wametia sahihi ya ridhaa. Hati ya hakimiliki ya kimila wameshaiomba, bado wanaisubiri.

Kazi yangu ilianza Juni 2024, masika yalipokwisha. Nilianza na maji, na nawasihi wenye magofu ya mteremkoni wasianze na kitu kingine. Kwa idhini ya wakuu wa mfongo tuliijenga upya kingo ya chini kwa mawe, kisha tukachimba mfereji wa kukinga kati ya mfongo na nyumba, kina cha kwenda chini ya msingi, tukaujaza kokoto kubwa. Tukaubandua ukuta wa nyuma plasta yote ya saruji na kuuacha uchi wiki saba. Kila Jumamosi nilikwenda kuushika. Wiki ya kwanza kiganja kilitoka na tope. Wiki ya tano kilitoka na vumbi.

Mparachichi ulinipa mawazo. Mizizi yake ndiyo iliyoisukuma pembe. Mkoa wa Kilimanjaro unadhibiti ukataji wa miti, hata ya kihambani, kwa hiyo tuliomba kibali na tukasubiri. Lakini dada mdogo alituambia mti ule ulipandwa na mama yao. Mwishowe hatukuukata. Tulipunguza matawi ya upande wa nyumba, tukakata mizizi miwili iliyoingia chini ya msingi, tukabomoa pembe na kuijenga upya ikiwa imerudi ndani hatua moja. Chumba kimepungua. Sijajuta, ingawa fundi mwenzangu aliona ni upuuzi.

Mawe yaliyobomolewa ndiyo tuliyojengea. Udongo wa kuungia tulichanganya na chokaa, na plasta ya nje ikawa ya chokaa na mchanga. Vijana wangu hawakuwa wameizoea. Inahitaji kumwagiliwa na kufunikwa, na haishiki haraka. Juu ya kuta nilizungusha lenta nyembamba ili kenchi zisimame mahali pamoja. Kenchi za kamfa za jikoni zimebaki zilezile, nyeusi. Bati la zamani lisilotoboka tumeezekea banda la ng'ombe.

Gharama ilifika milioni 33, sita zaidi ya nilivyokadiria. Nne kati ya hizo zilikwenda kwenye msingi wa pembe, ambao nilipoufukua niliukuta hauna kina nilichodhani. Mbili zilikwenda kwenye kupandisha vifaa: lori lilifika kanisani tu, na kuanzia hapo kila mfuko wa saruji na kila ubao ulibebwa. Nilipaswa kuliona hilo Januari 2023 nilipopita njia ile ile kwa miguu, na sasa makadirio yangu yote ya mlimani yana mstari wa ubebaji.

Walihamia Novemba. Krismasi ile watoto wa mzee wa Old Moshi walikuja, wote waliobaki, wakapita kwenye kile kinjia cha hatua mbili kwenda makaburini, kisha wakaingia ndani kula. Mama wa Himo alikaa jikoni kwa muda, akitazama juu kwenye zile kenchi.

Masika ya 2025 yaliponyesha nilipanda mara tatu kuangalia. Ukuta wa nyuma ulibaki mkavu hadi chini. Wa mashariki, upande wa jirani, ulitoa jasho kwa kimo cha goti katika wiki ya pili ya Aprili, mahali ambapo sikuwa nimechimba mfereji kwa kuwa mwaka ule wa ukaguzi palikuwa pakavu. Jirani ameshakubali tuchimbe tukiingia kidogo kwenye hatua zake tisa. Tutaanza Agosti, udongo ukikauka.